Mifupa ya Kibua

Inokuchi Masuo aliulizwa swali moja tu siku ile, na swali lenyewe halikuhitaji elimu: je, mzee, bado wewe ni mtu wa ukoo wa Kuratomi? Muulizaji alikuwa kijana wa ofisi ya nyumba za manispaa, kavaa tai iliyombana shingo. Pembeni alikaa Mitsue, binti yake Masuo, akimkanyaga baba yake mguu chini ya meza. Maana ya kule kukanyaga haikuhitaji mkalimani. Sema hapana, Baba. Sema hapana tutoke humu, chumba chako kimeshafagiliwa.

"Ndiyo," akasema Masuo.

"Samahani, mzee?"

"Nimesema ndiyo. Mimi ni mtu wa Kuratomi tangu sijaota ndevu."

Lo! Kijana akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama kwamba jibu lilikuwa limeandikwa usoni mwa yule mzee na yeye kalisoma vibaya. Akaeleza kwa adabu zake zote kwamba sheria ni sheria: nyumba za manispaa hazipokei watu wa koo za aina hiyo, ambazo serikali inaziita magenge, na mpangaji atakayemkaribisha mmoja wao atapoteza nyumba yeye mwenyewe. Akamwangalia Mitsue, mpangaji mwenyewe, kwa huruma. Mitsue alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Huko nje barabarani ndipo Mitsue alipofunguka.

"Ukoo gani, Baba? Hebu niambie, ukoo gani? Wamebaki wawili! Wewe na mzee asiyekumbuka hata jina lake!"

"Basi ni wawili."

"Nyumba yako wanaibomoa mwaka mpya ukipita. Utalala wapi? Bandarini? Mjukuu wako Kozue ameshakubandikia picha ukutani, mtoto wa watu, kachora babu na ndizi. Neno moja tu, Baba. Ha-pa-na. Linakushinda?"

"Halinishindi. Si kweli, ndiyo maana."

"Eti si kweli! Mliwadanganya watu miaka hamsini kwamba ndizi zilizooza ni mbivu, leo ndiyo umeokoka?"

Hapo Masuo alicheka, maana kweli ilikuwa kweli. Lakini alipomaliza kucheka alikuwa bado na jibu lilelile. Mitsue akampa kisogo, akapanda baiskeli yake akaenda kazini, kwenye jiko la shule, na hasira zake zote akazimalizia kwenye karoti.

Sasa msije mkadhani Masuo alikuwa jambazi wa kutisha. Sisi tuliozaliwa Moji tulimjua wote. Hakuwa na mchoro hata mmoja wa kuchanjwa mgongoni kama wa majambazi, kwa sababu alikuwa anaogopa sindano, na vidole vyake kumi vilikuwa mahali pake, hakuna alichokatwa kulipia kosa. Alikuwa muuza ndizi. Tatizo ni kwamba zamani zile huwezi kuuza ndizi, wala pipi, wala vinyago vya karatasi kwenye sikukuu ya hekalu bila kuwa mtoto wa mtu, na huyo mtu alikuwa Kuratomi Denzo. Magazeti yaliwaita genge. Wenyewe walijiita ukoo. Na mimi nasema walikuwa vyote viwili, na anayekataa kimoja ama hakuwahi kunufaika nao ama hakuwahi kupigwa nao.

Enzi zile ndizi zilikuwa zinaletwa na meli kutoka Taiwani, na Moji ndipo zilipokuwa zinateremshwa. Zile zilizoiva njiani hazikuweza kupakiwa treni kwenda mbali, zingefika uji. Kwa hiyo ziliuzwa papo hapo, barabarani, kwa kelele. Mtu anasimama nyuma ya meza, ana fimbo, anapiga ubao pa! pa! na maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Masuo alikuwa yatima wa vita, mama yake kafa kwa moto wa mabomu, baba yake kafa kifua kwa vumbi la makaa ya bandarini. Shangazi aliyemlea alikuwa na midomo mingi ya kulisha. Kijana akawa anashinda mbele ya meza ya Mzee Kuratomi kutwa nzima, hanunui, anasikiliza tu.

"We kijana," Mzee akamwita siku moja, katikati ya umati. "Umeyakariri?"

"Yote, Mzee."

"Muongo. Shika fimbo."

Akashika fimbo. Na wazee wa Moji wanayakumbuka maneno yake ya kwanza mpaka leo, maana hakuyarudia ya Mzee, alitunga yake. "Haya mama, haya shangazi! Ndizi hii imevuka bahari haina hata nauli! Imeona mawimbi, imelia, imekuwa na madoa ya machozi! Utaiacha ilale njaa? Mchukue mtoto huyu, mama, huyu hali sana, huyu analiwa!" Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Chane likaondoka, la pili likaondoka. Mzee alisimama nyuma mikono kifuani, na jioni alimpa bakuli la wali lililojaa mpaka juu, na mkewe Mzee, Bi Hatsue, akaongeza yai.

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wanachukuliwa. Msisikie hadithi za visu.

Mwaka uliofuata akanyweshwa kikombe. Mnaojua mambo haya mnajua: kikombe kidogo cheupe cha sake, pombe ya mchele, mzee anakunywa kidogo, mtoto anamalizia. Kisha mtoto anakifunga kikombe kwenye karatasi na kukitia kifuani, na kuanzia hapo huyo ni baba yako kuliko aliyekuzaa. Mzee Kuratomi, aliyekuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu lakini mzito kama jiwe la kusagia, alisema maneno ambayo Masuo aliyabeba maisha yake yote.

"Kikombe hiki hakina mlango wa nyuma. Sikufungi kamba. Siku ukitaka kutoka, toka, sitakuuliza. Lakini unakileta kwenye mkono uliokupa, na mkono huo unakipokea. Basi. Ukikitupa wewe ni mbwa. Nikikukatalia, mbwa ni mimi."

Ndiyo hayo. Kwa Masuo lile swali la kijana wa manispaa halikuwa swali la sheria. Kikombe kilikuwa nyumbani, juu ya rafu ya miungu, kwenye karatasi yake. Kama kikombe kiko kwako, uko ndani. Ukisema uko nje, umesema uongo, na uongo wenyewe si wa kuuza ndizi.

Lakini sijawaambia habari ya mifupa, na bila mifupa hamtaelewa kwa nini mtu akubali kulala nje kwa ajili ya kikombe kitupu.

Masuo alipokuwa na miaka kumi na tisa Mzee alimtuma mji wa Hakata, peke yake, kwa mara ya kwanza, akafanye kazi kwenye sikukuu ya huko, chini ya mzee mwingine aliyeitwa Tashiro. Msafiri wa aina hiyo anapofika mlangoni kwa mtu ana salamu yake. Anakunja magoti, anatanguliza mkono wa kulia, kiganja juu, anajitaja: kazaliwa wapi, kazi yake nini, baba yake wa kikombe nani. Akikosea neno moja wanamjua ni tapeli, na zamani hizo tapeli alirudi kwao akichechemea. Masuo aliipiga salamu ile vizuri sana, akapokewa, akapewa chakula: wali bakuli mbili, supu, na samaki kibua wa kuchoma.

Akala. Alikuwa na njaa ya safari, na furaha ya kufaulu ilimlevya. Akala kibua yule, akaiacha mifupa kwenye sahani, akashukuru, akaenda kulala.

Wenzangu, hilo lilikuwa kosa! Mgeni aliyepewa chakula cha bure hamwachii mwenyeji uchafu wake. Mifupa unaifunga kwenye karatasi, unaitia kifuani, unaondoka nayo. Mtoto wa kila ukoo anafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu chenji. Masuo alifundishwa. Alisahau tu. Kuacha mifupa mezani ni kama kusema: kwetu hakuna aliyenilea.

Mzee Tashiro hakumwambia kitu. Aliichukua ile mifupa, akaitia kwenye kisanduku kizuri cha mbao, akaifunga kwa kitambaa cha hariri, akamtuma mtu wake mzima kwa treni mpaka Moji kuipeleka kwa Kuratomi. Hilo ni tusi, tena la kupigiwa mstari. Masuo aliporudi nyumbani alimkuta yule mjumbe kakaa sebuleni, kisanduku kiko wazi mbele ya Mzee, na Bi Hatsue kasimama mlangoni kashika nguo yake kifuani. Masuo akaiona mifupa. Akaketi palepale chini.

Mzee Kuratomi akaiangalia ile mifupa. Akachukua uti wa mgongo kwa vidole, akautia mdomoni, akautafuna. Kru, kru. Akachukua mbavu. Akachukua kichwa na macho yake yaliyokauka. Alitafuna vyote, taratibu, mbele ya mjumbe, meno yakilia, damu kidogo ikamtoka kwenye ufizi. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Mwambie Mzee Tashiro asante," akasema. "Mtoto akibakiza, baba ndiye anayemalizia. Ila mwambie imekosa chumvi."

Mjumbe akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Inasemekana Tashiro alipoambiwa alicheka mpaka akalia, na koo zile mbili hazikugombana tena mpaka zote zilipokwisha. Masuo alikaa pale chini akisubiri kofi, akisubiri kufukuzwa. Mzee alipita karibu naye akielekea chooni, akamwambia, "Kaoge, unanuka treni." Hakulitaja tena, hata siku moja, hata akiwa amelewa. Masuo alilia bafuni mpaka maji yakapoa.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Mitsue alitaka akanwe kwa neno moja mbele ya kijana wa tai.

Baadaye yalikuja yaliyokuja. Ndizi zikawa za kawaida, zikajaa madukani, nani tena atasimama juani kusikiliza maneno? Wakauza pipi, wakauza tambi za kukaanga. Masuo alikaa jela karibu mwaka kwa ugomvi wa uwanja wa kuuzia, na aliyekuwa anampelekea mkewe Fusae mchele kila wiki ni Bi Hatsue, kwa mkono wake. Kisha kizazi kikabadilika. Koo nyingine zikajiingiza kwenye dawa na mikopo ya kunyonga watu, na sheria ilipokuja haikuchagua, ilifagia mbuyu na mchicha. Kamati ya hekalu ikaweka uzio, watu wa koo wasiingie kuuza. Mwaka wa kwanza wa uzio ule Masuo alisimama nje akasikia kijana mmoja ndani anauza ndizi zilizopakwa chokoleti. Anauza kimya! Bei kaibandika kwenye karatasi. Masuo alirudi nyumbani akamwambia Fusae kwamba sikukuu imekuwa msiba. Wenzake wakafa mmoja mmoja, Bi Hatsue akafa, Fusae naye akafa. Mzee Kuratomi akafika miaka tisini, kichwa kikaanza kumtoka, na mpwa wake akampeleka kwenye nyumba ya wazee kule mlimani, juu ya mlango-bahari, ambako madirishani zinaonekana meli zikipita.

Siku ya pili baada ya ugomvi na Mitsue, Masuo alivaa koti lake jeusi, akakishusha kikombe rafuni, akapanda mlima.

Mhudumu aliitwa Sanae, msichana mnene, mcheshi, asiyejua habari za koo wala hakutaka kujua. Masuo alimkuta Mzee kwenye kiti kando ya dirisha, blanketi magotini, mdogo kuliko alivyomwacha mwezi uliopita. Masuo akapiga magoti, akakitoa kikombe kwa mikono miwili.

"Baba. Ni Masuo. Nimekuja kukirudisha."

Mzee akamwangalia vizuri sana, kwa uungwana.

"Mita iko nyuma ya nyumba," akasema. "Pita kwa nje, usikanyage mboga za mke wangu."

"Baba, mimi siyo mtu wa gesi."

"Hata wa umeme, pita kwa nje."

Sanae alicheka kwa siri. Masuo akakifunga kikombe akakitia kifuani. Alirudi kesho yake, akaambiwa habari ya mita. Alirudi tena, akakuta ameshageuzwa daktari wa meno, na Mzee kafumba mdomo kama mtoto. Mitsue alipopata habari alisema, "Si umwekee mkononi uondoke? Mkono ni uleule!" Masuo akamwambia kumtia mtu kitu mkononi wakati hajui ni kumwibia kinyumenyume. Mkono unaopokea bila kichwa haujapokea. Mitsue alikaa chini kwenye ngazi ya ile nyumba mbovu, akashika mashavu. "Nilimchukia sana yule mzee," akasema. "Siku zote nilikuwa nakungoja mimi, na wewe uko kwake. Sasa nimezeeka bado nakungoja." Ilikuwa kweli tupu, na ilimuuma Masuo.

Alipanda mlima kwa mara nyingine mwezi wa kumi na mbili, theluji nyepesi inaanguka. Alichelewa, akakuta chakula cha mchana kinapelekwa vyumbani. Safari hii Mzee hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake, kashika fremu, macho makali, nywele zimesimama. Mmeshawahi kuambiwa kwamba wagonjwa wa aina hiyo wana siku zao.

"Nani wewe," akanguruma, "unayeingia nyumba ya watu bila salamu?"

Sauti ilikuwa ileile ya uwanjani. Masuo hakufikiri. Magoti yenyewe yalijikunja, yakalia kwa uzee, na mkono wa kulia ukatangulia, kiganja juu.

"Naomba utulie unipokee, mwenye nyumba!"

Na Mzee naye, loo, mgongo ukainama, mkono ukatoka. "Tulia wewe, msafiri!"

"Mimi ni mdogo, naomba utulie wewe!"

"Hapa ni kwangu, na ni pachafu. Tulia wewe!"

"Nimeomba mara tatu, mwenye nyumba."

"Basi nimetulia. Sema."

Sanae alisimama na sinia la chakula mikononi, hajui aite daktari au apige makofi.

"Nashukuru," akasema Masuo. "Naanza na unyonge wangu. Maji yangu ya uzazi niliogeshwa Moji, chini ya mlima, mbele ya mlango-bahari. Baba kaliwa na makaa, mama kaliwa na vita. Kazi yangu ni fimbo na ubao, nauza ndizi na maneno. Jina la ukoo Inokuchi, langu mwenyewe Masuo. Baba yangu wa kikombe..." Akasita. Kuliruka jina haiwezekani, salamu itakuwa ya tapeli. "Baba yangu wa kikombe ni Kuratomi Denzo wa Moji. Naomba unijue leo na siku zijazo."

Alimtazama usoni. Hapakutingishika hata unyusi.

"Kuratomi," akasema Mzee. "Nimewahi kulisikia. Umechoka na njia, karibu ndani. Mama! Mgeni huyu apewe chakula."

Sanae alikuwa na akili, Mungu ambariki. Hakubisha. Akaleta sahani ya pili. Wali, supu, na kibua aliyepikwa kwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa.

Wakala kimya, kama inavyotakiwa. Masuo alikula mpaka punje ya mwisho. Kisha akageuza samaki kwa vijiti, akageuza tena, jasho likamtoka. Hapakuwa na mifupa! Kwenye nyumba za wazee samaki hutolewa mifupa yote jikoni, watu wasije wakakabwa. Maisha yake yote tangu ile siku ya Hakata hakuwahi kuacha mfupa mezani, na leo, siku ya kuonyesha malezi, mfupa wenyewe haupo. Mzee alikuwa anamtazama sahani. Macho hayakuhama.

Masuo akabandua kile kipande cha ngozi nyeusi kilichobaki kwenye rojo. Akatoa karatasi mfukoni, akakifunga, akakunja pembe moja moja, akakitia kifuani upande wa pili wa kikombe.

Mzee akapiga goti lake kofi. "Hata ngozi!" akasema. "Hata ngozi! Huyo Kuratomi amekulea. Mtu wa namna gani?"

Masuo akaweka vijiti chini.

"Mkali," akasema. "Bahili wa kusifu. Alikuwa akicheza karata anaiba, tena vibaya, kila mtu anaona. Niliwahi kumwaibisha mbele ya mgeni. Niliacha mifupa kwa watu. Ikaletwa mpaka nyumbani. Akaitafuna yote, mbele ya mjumbe, ili mimi nisiguswe."

"Mifupa ya nini?"

"Kibua."

Mzee akatikisa kichwa. "Ana meno huyo." Kisha akafikiri. "Mbona mtoto wa mtu kama huyo anatembea peke yake uzeeni, na theluji hii? Kakufukuza?"

"Hapana. Nataka kurudisha kikombe chake. Binti yangu ananingoja, na nimemngojesha sana. Lakini nikienda kwa Baba hanijui. Kichwa kimemtoka. Mkono upo, mwenyewe hayupo."

Mzee akageukia dirisha. Huko chini meli ilipiga honi.

"Hilo ni gumu," akasema. "Naye huko aliko hajui kwamba anakushikilia. Angejua angeona haya." Akanyoosha mkono. "Jambo likikwama kati ya baba na mtoto, linahitaji mtu wa kati. Mimi ni mtu mzima, nina jina kidogo. Nipe mimi. Nitamfikishia."

Masuo akapiga magoti. Akakitoa kikombe kwa mikono miwili, akakiweka kwenye kiganja kile chenye madoa. Vidole vikafunga juu yake. Mzee akakitia kifuani, ndani ya nguo yake ya kulalia, akakipapasa kuhakikisha kimekaa.

"Nimekipokea kwa ajili yake," akasema. "Nimpe salamu gani?"

"Mwambie..." Hapo mzee Masuo alilia, na hakujificha. "Mwambie nilishiba."

"Basi?"

"Basi."

"Maneno mazuri. Nenda kwa bintiyo."

Wiki ile kijana wa manispaa aliuliza swali lake mara ya pili. Mitsue hakumkanyaga mtu mguu, alikuwa anaangalia dirishani. "Hapana," akasema Masuo. "Nilikuwa. Nimetoka kwa heshima." Mitsue akageuka taratibu. Mwaka mpya waliula pamoja kwenye kile chumba kidogo, Kozue akimwamuru babu yake auze ndizi kwa sauti mpaka majirani wakagonga ukuta.

Lakini Sanae alipiga simu mwezi wa pili. Alisema Babu Kuratomi halali vizuri. Anazunguka koridoni, chumba hadi chumba, mkono kifuani, anagonga milango. Anawauliza wazee wote, wauguzi wote, hata mpishi: mnamjua Kuratomi Denzo? Nina amana yake. Nimeahidi kuifikisha kwa mkono. Walijaribu kumwambia kwamba Kuratomi ni yeye, akakasirika, akasema hawezi kuwa mtu wa kati na mtu wa mwisho.

Masuo alipanda mlima bila hata kufunga vifungo vya koti. Akamkuta koridoni, kachoka, miguu inatetemeka, mkono uko palepale kifuani.

"Bwana," akasema Mzee, "unamjua Kuratomi Denzo? Nimemtafuta sana."

Masuo, aliyekataa kusema uongo kwa ajili ya paa la kulalia, alimshika mkono yule mzee taratibu akamrudisha kitandani, na alichosema hakikuwa uongo.

"Namjua sana. Ameshakipata. Kimemfikia."

"Kweli?"

"Kimemfikia mkononi kabisa. Anakushukuru."

Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akaacha afunikwe. Masuo alidhani amelala. Kisha jicho moja likafunguka.

"Na ile mifupa? Alisemaje?"

"Alisema," Masuo akajibu, "imekosa chumvi."

Mzee Kuratomi alicheka. Alicheka cheko lile la zamani, la nyuma ya meza ya ndizi, mpaka Sanae akaja kuchungulia mlangoni.

"Kaoge," akasema, huku macho yanafumba. "Unanuka treni."